Kuendesha grupu la mtaa bila kuwachosha wanaolilinda: mwongozo kwa watu wa Amu

Fungua simu ya mtu yeyote wa Amu, yaani mji wa Lamu, utakuta magrupu ya WhatsApp yamejipanga: la ukoo, la waliosoma madrasa moja, la timu ya mpira, la harusi iliyokwisha zamani. Mengi yamenyamaza na hakuna aliyejisumbua kutoka. Mwongozo huu ni wa grupu la aina moja tu: la watu wa mtaa au kisiwa, walioko nyumbani na walioko Mombasa, Nairobi au Ghuba, linalozungumzia mambo ya mji na kuendeshwa na watu ambao hawalipwi hata bando.

Watu hudhani magrupu ya namna hii huvunjwa na ugomvi. Ugomvi unaonekana, ndiyo maana husingiziwa. Kwa niliyoyaona nikiwa upande wa wasimamizi, ugomvi ukipata watu wenye nguvu ya kuushughulikia hupita. Kinachomaliza grupu ni kuchoka kwa wale wawili watatu wanaojibu, wanaofuta, wanaosuluhisha na wanaoamshwa usiku wa manane na malalamiko ya mtu wasiyemjua. Siku wakiacha hawatangazi. Utagundua tu kwamba matangazo ya mikopo yamejaa na hakuna anayeyafuta. Basi kila hatua hapa chini ipime hivi: inawapunguzia kazi au inawaongezea?

Hatua ya 1: Sema grupu ni la nini, kisha sema si la nini

Andika sentensi mbili uziweke kwenye maelezo ya grupu. Mfano: "Hapa tunazungumza mambo ya Mkomani na Langoni: maji, taka, njia, gati, misiba, historia ya mji na lugha yetu. Si mahali pa kuuza, pa kampeni, wala pa kuchangisha." Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi. Bila hiyo, kila tangazo la viatu litakuwa kesi mpya, na kila kesi itamla msimamizi nusu saa.

Kuna wanaotenga siku moja ya biashara kila wiki. Mimi siipendi. Mwenye samaki wa Jumanne hawezi kungoja Jumamosi, kwa hiyo ataomba ruhusa, na ukishampa yeye, mwenye mikate naye atauliza kosa lake ni lipi. Afadhali pawe na grupu la pili la biashara lenye wasimamizi wake, ambao ni wafanyabiashara wenyewe.

Amua pia ukubwa mapema. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye grupu moja, na wapo wanaoiona idadi hiyo kama deni la kulipwa. Mia mbili wanatosha. Katika grupu ambalo watu wanajuana milango, aibu ya kukutana kesho yake Usita wa Mui, njia kuu ya mji, inazuia maneno mengi kuliko kanuni yoyote utakayoandika. Wakishakuwa mia nane, nusu yao hawajulikani ni nani, na kazi iliyofanywa na aibu inahamia kwa msimamizi.

Hatua ya 2: Tafuta wasimamizi watano kabla ya wanachama hamsini

Kosa lililozoeleka ni mtu mmoja kufungua grupu, kuingiza watu mia na ishirini usiku mmoja, kisha kutafuta wasaidizi anapozidiwa. Akifikia hapo, kila mmoja ameshazoea kwamba kazi ni yake.

Watano ni idadi nzuri kwa sababu kila mmoja anashika wiki moja na kupumzika nne. Wawili wawe wanawake, na wasiwe wa kupamba orodha. Wanawake wengi wa Amu wana mambo ambayo hawatamwandikia msimamizi mwanamume hata kwa faragha, na usipowapa mtu wa kumwendea watanyamaza au watatoka. Mmoja awe anaishi nchi ambayo usiku wetu ni mchana wao, au angalau mtu ambaye kazi yake inamweka macho. Kama grupu ni la kaunti nzima na si la mji tu, awepo mtu wa Faza, Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate. Vinginevyo watu wa Pate wataliona ni grupu la Amu lililowaalika wasikilize.

Usimchague mtu kwa sababu yuko mtandaoni kila saa. Huyo ndiye atakayejibu kila neno na kuchoka wa kwanza. Chagua mwenye uwezo wa kusoma jambo la kuudhi, akaweka simu chini, akaenda kuswali alasiri, kisha akarudi kulijibu.

Zamu ianze Jumamosi na kwisha Ijumaa usiku. Aliye zamu ndiye pekee anayefuta, kuonya na kupokea malalamiko. Wengine wanne, hata wakiona jambo, wanamwandikia yeye, hawaingii. Jahazi lina mabaharia wengi, lakini msukani hushikwa na mmoja kwa wakati wake. Kila anayemaliza zamu aandike mistari minne katika grupu dogo la wasimamizi: nani ameonywa na kwa nini, suala gani halijaisha, nani amejiunga au ametoka, na jambo gani la kuangaliwa wiki ijayo. Mistari minne, basi. Ukitaka ripoti ndefu hutaipata.

Hatua ya 3: Panga simu kabla ya kupanga watu

Sehemu hii inaweza kumalizwa kwa robo saa, na ina faida ya miezi.

Washa idhini ya kujiunga, ili anayekuja kwa linki asubiri kukubaliwa. Zuia wanachama wasibadilishe jina na picha ya grupu. Linki yenyewe isibandikwe Facebook. Ikishavuja, ibatilishe na utengeneze mpya. Ujumbe muhimu ubandikwe juu: WhatsApp inakubali tatu kwa wakati mmoja, na unaweza kuchagua ukae saa 24, siku 7 au siku 30. Tumia nafasi hizo kwa uchoyo.

Kila msimamizi aweke uthibitisho wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita. Wizi unaotembea sana ni ule wa kuandikiwa na "rafiki": "Samahani, nimekutumia namba kwa makosa, nirudishie." Namba hiyo inayokuja kwa SMS ni ufunguo wa akaunti yako. Msimamizi akiipoteza, mwizi anaingia kwenye grupu akiwa na mamlaka yote na orodha ya namba za mtaa mzima, na jambo la kwanza atakalofanya ni kuomba pesa kwa jina la mtu mnayemwamini.

Jueni pia mambo mawili yanayowashitua watu baadaye. Aliyefungua grupu hawezi kuvuliwa usimamizi na wenzake. Hubaki nao mpaka atoke mwenyewe. Na msimamizi wa pekee akitoka, WhatsApp humteua mwanachama yeyote tu kushika nafasi. Grupu la mji mzima linaweza kujikuta mikononi mwa kijana wa miaka kumi na sita aliyejiunga kwa ajili ya matokeo ya mpira.

Mwisho, weka saa za kulala. Kuanzia saa nne usiku hadi baada ya alfajiri, geuza mpangilio ili wasimamizi pekee waweze kutuma. Waliozoea watalalamika kwa wiki mbili. Wenye dharura wana namba za kupiga, na 999 na 112 hazitaki grupu. Ramadhani saa hizo zisogezwe, kwa kuwa mji unaamka usiku, na kufunga mazungumzo saa nne baada ya tarawehe ni kutafuta uasi. Mfungo Sita pia, wageni wa Maulidi wanapoingia, tarajia maswali ya malazi na boti mara tatu ya kawaida na uweke wawili zamu.

Hatua ya 4: Kanuni sita, zisizidi

Kanuni zikizidi sita hazisomwi, na zisiposomwa zinageuka silaha ya kumpigia usiyempenda. Mji kama wetu unahitaji hizi: taja habari umeipata wapi, usitume picha ya mtu bila ridhaa yake, usitume picha ya maiti wala majeruhi, usimtukane mtu, kabila, madhehebu wala ukoo, ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, mambo ya pesa na kampeni yana mahali pake.

Ile ya picha iandikwe kwa herufi kubwa. Kuna harusi za wanawake hapa ambamo simu hazitakiwi, na picha moja iliyoponyoka kutoka ukumbini imewahi kuvunja nyumba. Mtu akiituma, hata kwa nia ya kusifu nguo, ifutwe papo hapo na maelezo yafuate baadaye. Tangu 2022 msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama mbele ya wote, hivyo hakuna sababu ya kumngoja aliyetuma aamke. Na kwa anayebisha kwamba hii ni desturi tu, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Ya ujumbe wa sauti imeandikwa kwa ajili ya msimamizi mwenyewe. Maandishi unayapitia kwa sekunde tano ukajua yana tatizo. Sauti ya dakika saba lazima uisikilize yote, pamoja na salamu, kikohozi na punda wanaolia nyuma.

Hatua ya 5: Karibisha kwa mkono, kisha usimsumbue anayenyamaza

Kila mgeni aletwe na mwanachama anayemjua, na huyo amtambulishe kwa sentensi moja: ni nani, wa wapi, ana nini na Amu. Si lazima awe mzaliwa. Mwalimu wa kutoka Machakos anayefundisha Mokowe, ng'ambo upande wa bara, ana haki ya kujua boti ya mwisho ni saa ngapi.

Wasimamizi wageni kwenye kazi hii huudhika kwamba watu ni wale wale kumi wanaozungumza. Huandika, "Mbona mko kimya? Wasiochangia watatolewa." Msifanye hivyo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya mitandao, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 ya watu husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndiyo hufanya sehemu kubwa ya mazungumzo. Bi mkubwa asiyeandika neno mwaka mzima huenda ndiye anayesoma kila kitu na kuwahadithia wenzake jioni. Ukimtoa umepoteza nyumba nne.

Kinachosaidia ni swali zuri moja kwa wiki, kutoka kwa aliye zamu. Mada nzito kama "Tufanye nini kuhusu maendeleo ya Lamu?" huwa inajibiwa na mwanasiasa. Uliza linaloweza kujibiwa na mtu kwa kumbukumbu yake: nani anakumbuka kisima hiki kilikuwa cha nani, samaki huyu nyinyi wa Matondoni mnamwitaje, kabla ya bomba maji yalichotwa wapi. Wazee huamka kwa maswali hayo, na walioko ughaibuni huleta picha za sandukuni.

Hatua ya 6: Habari za haraka

Hapa ndipo grupu linapopata heshima au kuipoteza, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na msiba. Mtu anaandika: fulani amefariki, maziko baada ya adhuhuri, msikiti fulani. Ndani ya dakika kumi zinafuata "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" mia moja na hamsini, na anayefungua simu saa tano asubuhi hawezi kuona maziko ni saa ngapi. Mara anauliza, na kuuliza kwake kunaongeza ujumbe. Dawa yake: tangazo libandikwe juu mara moja, wanachama waweke alama ya dua juu ya tangazo lenyewe badala ya kuandika, na rambirambi za maneno ziende kwa wafiwa moja kwa moja. Hili litachukua misiba mitatu minne kuzoeleka, kwa sababu mtu anaogopa kuonekana hakutoa pole. Mwambieni maalim au mzee anayeheshimika aanze yeye kuweka alama tu. Wengine watafuata.

La pili ni ombi la damu. Ujumbe wa "damu kundi O inahitajika haraka" huzunguka miaka na miaka baada ya mgonjwa kupona au kufa. Kanuni ni kwamba ombi lolote la damu, dawa au mtu aliyepotea liwe na tarehe, mahali, na jina la aliyelileta kwenye grupu, ambaye amempigia simu mwenye shida kwa mdomo wake mwenyewe. Lisilo na vitu hivyo linafutwa hata kama linaliza. Likishatimizwa, aliyeleta arudi kusema limekwisha.

La tatu ni bahari. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili au Mei hadi karibu na Septemba, uvumi wa boti iliyozama hauishi. Mtu wa Kiunga ana nduguye ndani ya boti, na grupu ndilo linalompa kiharusi. Msimamizi wa zamu awe na namba za watu watatu: mmoja gati ya Mokowe, mmoja kwenye usimamizi wa ufuo wa wavuvi, mmoja wa polisi au mamlaka ya bahari. Tahadhari za upepo mkali na mawimbi zichukuliwe kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na tarehe yake isomwe. Tahadhari ya mwaka juzi inafanana sana na ya leo. Mpaka simu moja ya kuthibitisha ipigwe, msimamizi aandike: "Tumesikia habari ya boti. Tunauliza. Tafadhali tusitaje majina mpaka familia zijue." Sentensi hizo tatu ziwe tayari zimehifadhiwa kwenye simu, maana saa ya taharuki mikono hutetemeka.

Kisha kuna habari za pesa za serikali. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa athari za bandari mpya, na jambo kubwa kama hilo halikosi kufuatwa na orodha za kughushi za "majina ya watakaolipwa" na namba za kutuma ada ya usajili. Ujumbe wowote unaomtaka mvuvi alipe kwanza ili alipwe ufutwe bila mjadala.

Kuhusu fowadi, yaani ujumbe uliopokewa kwingine ukapitishwa: ukiona mishale miwili, maana yake ujumbe umepita mikono mingi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa mahali pamoja tu kwa wakati. Kwenu weka sharti dogo: anayeleta fowadi aandike kwa maneno yake mwenyewe kwa nini inatuhusu. Asilimia kubwa ya takataka itakoma hapo, kwa uvivu.

Hatua ya 7: Kukosoa, na ikibidi kutoa

Mzee hakosolewi mbele za watu. Ukilivuka hilo mara moja, hata ukiwa na haki, mtaa wote utakuwa upande wake, na utakuwa umejitafutia kazi ya mwezi mzima. Mwandikie faragha:

"Asalaam aleikum ami. Ile habari ya boti uliyoweka asubuhi, nimempigia mtu wa gati, ameniambia ni ya zamani. Naomba uiondoe mwenyewe, watu wasije wakahangaika. Kama simu inasumbua niambie nikusaidie."

Mwenye ujumbe ana takriban siku mbili na nusu za kuufuta kwa wote, kwa hiyo nafasi ipo. Akikataa, usibishane kwa simu. Mtume mpwa wake, au nenda ukakae naye barazani baada ya alasiri. Kahawa moja humaliza kilichoshindwa na ujumbe thelathini.

Kwa vijana njia ni fupi zaidi, lakini mpangilio ni ule ule: kwanza neno la faragha, mara ya pili ujumbe unafutwa na sababu inaandikwa kwa sentensi moja, mara ya tatu anatoka kwa wiki moja na kurudishwa, ya nne anatoka moja kwa moja. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza namna jamii mbalimbali duniani zinavyotunza mali ya pamoja, maeneo ya uvuvi yakiwemo, na kukuta kwamba palipodumu, adhabu huanza ndogo na kupanda kwa hatua. Wavuvi wetu hawakuhitaji kuambiwa. Anayetumia nyavu zisizotakiwa huanza kwa kuonywa na wenzake.

WhatsApp haina njia ya kumnyamazisha mtu mmoja peke yake, ndiyo maana nasema atoke kwa wiki. Jua kwamba aliyetolewa na msimamizi hawezi kurudi kwa linki, lazima aongezwe na msimamizi. Kwa hiyo andika tarehe ya kumrudisha kwenye ile mistari minne, la sivyo atasahauliwa, na kumsahau ndiko kutakakomuudhi kuliko adhabu yenyewe.

Kumtoa mtu kuamuliwe na wasimamizi wawili, kamwe si mmoja, na aambiwe kabla. Wala msitangaze. Anayetoka mwenyewe siku hizi, taarifa huwafikia wasimamizi tu, na ustaarabu huo uendelezwe. Akiuliza mtu, "Fulani yuko wapi?", jibu ni "Amepumzika kidogo." Kila mtu ataelewa.

Msimamizi asiamue kesi ya ndugu yake. Kwenye mji wa ukubwa huu karibu kila mtu ni ndugu ya mwenzake, kwa hiyo tuseme: asiamue kesi ya mtu wa nyumba moja naye.

Hatua ya 8: Pesa zikae mbali

Grupu la mazungumzo halihitaji senti. Mkianza kuchangisha humo, hata kwa jambo jema kama kumsafirisha mgonjwa Mombasa, kesho yake msimamizi anakuwa mhasibu, na kesho kutwa anakuwa mshukiwa. Kila mchango ufunguliwe grupu lake, uwe na mweka hazina ambaye si msimamizi wa grupu kubwa, orodha ya M-Pesa iwekwe wazi kila jioni, na hesabu ikifungwa grupu nalo lifungwe. Grupu kubwa litatoa tangazo moja la kuanza na moja la mwisho.

Wasimamizi wakipewa zawadi ya bando na mtu wa ughaibuni, wagawane watano. Wakipewa na mgombea, wairudishe.

Hatua ya 9: Siasa na usalama

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na harufu yake hufika kwenye magrupu mwaka mzima kabla. Mjadala wa ahadi za kaunti, bajeti ya maji au hali ya hospitali ni haki ya wananchi, na grupu la mji lisiloweza kuuzungumzia halina maana. Kinachochosha ni mabango, nyimbo na picha za umati. Amueni mapema: hoja zinaruhusiwa, mabango hayaruhusiwi, na msimamizi akigombea cheo au akiajiriwa na mgombea, anakabidhi usimamizi siku hiyo hiyo. Maneno ya chuki dhidi ya kabila yana Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, na habari za uongo na usumbufu wa mtandaoni zina sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Kumkumbusha mtu hilo kwa faragha hufanya kazi kuliko kumtisha.

Kaunti hii imepitia mashambulizi na amri za kutotoka nje usiku, Mpeketoni 2014 ikiwa ndiyo inayokumbukwa zaidi. Kwa hiyo liwe wazi: hakuna kutaja mwendo wa wanajeshi wala polisi, hakuna kubashiri nani kafanya, hakuna kumtaja jirani kwa shaka. Barabara ikifungwa, semeni barabara imefungwa na mmesikia kwa nani. Yaliyobaki si yetu.

Hatua ya 10: Weka daftari nje ya grupu

Maswali kumi huulizwa kila wiki. Boti ya mwisho kutoka Mokowe, kliniki ya watoto ni siku gani, fomu za kitambulisho zinapatikana wapi, nani anatibu punda. Majibu yake yawekwe kwenye waraka mmoja wa mtandaoni, linki yake ibandikwe juu, na kila jibu liwe na mwezi lilipohakikiwa. Anayeuliza apewe linki kwa upole, bila "Soma juu!"

Na daftari hilo lichapishwe karatasi moja. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipokatika, mtandao ulizorota Afrika Mashariki nzima, na umeme wetu nao una tabia zake. Karatasi yenye namba za gati, hospitali, polisi na wasimamizi ibandikwe dukani na kwenye ubao wa msikiti.

Simulizi za wazee na picha za zamani zinazotokea kwenye mazungumzo zihamishwe kila mwezi, kwa ridhaa ya wenyewe, kwenye hifadhi inayofunguliwa na watu wawili au watatu. Simu huanguka baharini. Laini isiyotumika kwa miezi huchukuliwa na kampuni na kuuziwa mwingine. Wengine huuliza kwa nini tusihamie Telegram, ambako mgeni anaweza kusoma ya nyuma na mada hugawanywa. Ni kweli ingefaa. Lakini bi mkubwa wa nyumba nne hana Telegram.

Hatua ya 11: Jaribuni kukosekana, na jueni namna ya kufunga

Kila baada ya miezi minne, mwanzilishi azime arifa za grupu na asiingie kwa wiki mbili bila kuwaaga wanachama. Wasimamizi wenzake wajue, wengine wasijue. Akirudi asome ile mistari minne kabla ya kusoma mazungumzo. Ataona kazi gani ilikwama kwa sababu ilikuwa kichwani mwake tu: namba ya mtu wa gati, nenosiri la hifadhi, ahadi aliyompa fulani. Hizo ziandikwe.

Msimamizi akae mwaka mmoja, kisha aulizwe kama anataka kuendelea. Aulizwe kweli, kwa faragha, na mtu ambaye hataudhika akikataa. Wengi hubaki kwa haya. Anayeondoka amlete mtu wa kushika zamu yake na wakae wiki mbili pamoja. Mwanzilishi akiondoka, na kwa kuwa wenzake hawawezi kumvua, atoke kwenye grupu kabisa baada ya kuhakikisha wasimamizi wanne wapo, kisha arudishwe akiwa mwanachama wa kawaida.

Ikiwa watu wa kushika zamu wamekosekana kabisa, lifungeni. Toeni tangazo mwezi mmoja kabla, mhamishe simulizi na picha kwenye hifadhi, muwape wenye misiba na wavuvi muda wa kujipangia magrupu yao madogo. Siku ikifika, badilisheni mpangilio ili wasimamizi pekee watume, bandikeni juu linki ya daftari na orodha ya namba, na msimamizi mmoja abaki ndani kuzisahihisha namba zinapobadilika.